Mama Makombo na Slesi ya Mkate

Ndugu waombolezaji, mtuvumilie, maana karatasi hii imeandikwa na watu ambao hadi sasa hawaamini. Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Februari 1971, wa kwanza kati ya watoto watatu, akasoma shule ya msingi kuanzia 1978 hadi 1984, kisha sekondari hadi 1990, mwaka aliofariki mama, akabaki kumlea kitindamimba, ambaye ndiye anayewasomea leo.

Tarehe 9 Agosti 1997 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa binti mwaka 1999 na mvulana mwaka 2003. Tarehe 2 Julai 2001 aliajiriwa katika maabara ya uchunguzi wa jinai, kazi yake ikiwa kutafuta vinasaba kwenye vyakula ambavyo wahalifu huviacha nusu, akipangusa alama za meno kwa kijiti cha pamba, akikianika na kukitia kwenye bahasha ya karatasi, kwa kuwa plastiki huleta ukungu, na ndipo wenzake wakambandika jina la Mama Makombo, nao wageni wake wakawa wanataniana kwamba ukila pale usibakize hata tonge.

Tarehe 6 Machi 2018 ililetwa slesi ya mkate iliyoumwa, kutoka ghala ambamo mlinzi alivunjwa taya. Majibu, yalipolinganishwa na ya wafanyakazi kama ilivyo kawaida, yalikaribiana na ya dada mwenyewe kama ya ndugu wa damu, ila yalikuwa ya mwanamume. Mkuu wake akadhani sampuli imechafuka, na kama dada angetia saini hivyo tu, faili lingefungwa. Yeye akaandika jina la kitindamimba, ndugu yake pekee wa kiume, akajitoa kwenye kesi, na nusu iliyobaki ya sampuli ikapimwa na mwenzake. Kitindamimba alifungwa miaka sita, dada akaenda kumtembelea kila mwezi, naye kila mwezi akakataa kuonana naye.

Kitindamimba alitoka gerezani tarehe 2 Mei 2024. Ijumaa tarehe 21 Juni dada alimpigia simu mara tatu, naye kitindamimba akaitazama tu ikiita, akajisemea Jumapili atakwenda mwenyewe, kwa kuwa hasira ilishakwisha, iliyobaki ilikuwa aibu.

Marehemu hakuugua. Jumamosi saa nne asubuhi, akiosha vyombo, mshipa wa damu ulipasuka kichwani, na kabla ya saa saba mchana tuliambiwa hayupo tena. Tumepigwa na butwaa.

Tunawashukuru madaktari waliohangaika naye, majirani waliombeba hadi garini, na wafanyakazi wenzake wote. Ameacha mume, watoto wawili na wadogo wawili, mmoja wao akiwa hajawahi kumwambia kwamba alifanya sawa.

Dada, ulifanya sawa. Sasa pumzika.