Ngozi ya Ndama kwa Fungu la Miraa

Assalamu alaikum, ndugu zangu. Nina jambo la kuwasimulia.

Wakati wa vita vya shifta, wale waasi wa kaskazini mwa Kenya, serikali ilitufungia kijijini ndani ya seng'enge. Ngamia wetu wakaisha, akabaki mmoja wa maziwa, naye akafiwa na ndama. Nyinyi wafugaji mnajua: ngamia aliyefiwa hashushi maziwa mpaka anuse ngozi ya mwanawe. Tukaikausha, tukawa tunamwekea. Binti yangu mchanga aliishi kwa maziwa hayo, maana kifua cha mama yake kilikauka kwa njaa.

Nami nilikuwa mlaji wa miraa. Mwanzo ilinichangamsha. Baadaye haikunipa raha yoyote, lakini nikisikia tu lori la miraa langoni, moyo unakwenda mbio, mate yanajaa. Juzi juzi zahanatini wamenieleza kwamba ubongo una mahali pa kuonjea raha. Miraa ikipazidishia kila siku, panakufa ganzi, ila hamu haifi. Nawaambia, hamu isiyo na raha ni adhabu!

Siku moja sikuwa na kitu. Nikaibeba ile ngozi, nikampa mwenye lori kwa fungu moja la miraa.

Jioni mke wangu akauliza, “Baba watoto, ngozi iko wapi?”

Nikaendelea kutafuna, shavu limejaa. Ngamia akazunguka akilia, hakutoa hata tone. Mtoto akalia mpaka sauti ikamkauka.

“Mnyama anadanganywa na ngozi ili mtoto ashibe,” mke wangu akasema. “Wewe unadanganywa na jani ili mtoto afe.”

Nikaitema miraa. Wallahi, niliitema nikilia.

Jirani yetu mjane alimgawia binti yangu maziwa ya mbuzi wake hadi akapata nguvu. Wazee wawili walinikalisha katikati yao kila lori lilipoingia. Mungu awalipe, mimi siwezi. Lakini msidhani nilipona upesi. Miezi ilipita nikiwa gogo. Mtoto akicheka, nasikia kelele tu. Nilitamani kufa. Kisha asubuhi moja akanivuta ndevu, akacheka, nami nikajikuta nacheka.

Wewe uliyeacha miraa na husikii raha, furaha yako haijafa, inachelewa. Ukishindwa kuingoja peke yako, nyumba yangu iko nyuma ya msikiti. Njoo tuingoje pamoja.