Mama Léocadie na Moto wa Jumamosi Ile

Jambo hili sijamwambia mtu, hata dada yangu ninayelala naye chumba kimoja: moto uliowashwa siku ya Sabato katika jiko la jumuiya yetu, Novemba iliyopita, niliuwasha mimi. Mama Léocadie hakuuwasha. Nimeona nianze hapo, maana nikitanguliza sifa zake nitaogopa, na nikiogopa sitafika.

Sasa niandike kama nilivyoombwa. Ijumaa tarehe 28 Juni 2024, Mama Léocadie Kahambu atastaafu baada ya miaka ishirini na mmoja katika huduma ya jirani, ile ya kulisha wenye njaa na kutembelea wagonjwa ambayo sasa anaiongoza, katika jumuiya yetu ndogo ya Kiyahudi hapa Kyeshero. Vijana wenzangu walinichagua niandike ukurasa wa kumuaga kwa sababu shuleni nasoma Kifaransa na nyumbani Kiswahili, na tena, walisema, mtu asiyefungua kinywa mikutanoni lazima ana maneno mengi yamebaki ndani. Hawakujua ni maneno gani.

Alikuja Machi 2003, mwaka mmoja baada ya lava kupita katikati ya mji. Aliajiriwa kufagia. Yeye ni Mukatolika wa Butembo, na wiki ya kwanza alichemsha maziwa ya watoto katika sufuria ya nyama, ilhali kwetu maziwa na nyama havigusani. Wazee walikaa kikao cha saa tatu nzima kuhusu sufuria moja. Kesho yake alifunga uzi mwekundu kwenye vyombo vyote vya nyama na mweupe kwenye vya maziwa, na tangu hapo hajakosea. Wanaokosea ni sisi. Siku moja Papa Cubaka, anayetuongozea nyimbo za ibada, alikoroga chai yake ya maziwa kwa kijiko chenye uzi mwekundu. Mama Léocadie akamshika mkono: "Papa Cubaka! Kijiko hiyo ni ya nyama. Kati yetu wawili, Muyahudi ni nani?" Papa Cubaka mwenyewe anasimulia kisa hiki kila Pasaka, na kila mwaka kijiko kinazidi kuwa kikubwa.

Zamani waliokuja kula kwetu walipewa jeton, kibati chenye namba. Yeye alizikusanya zote akazitia kwenye ndoo. "Mutu si jeton," alisema, basi. Tangu siku ile hakuna sahani inayojazwa kabla mtu hajaulizwa jina lake, na akirudi baada ya mwezi anaitwa kwa jina hilohilo. Foleni inachelewa, ni kweli. Hakuna aliyewahi kulalamika isipokuwa sisi wenye kuosha sahani.

Mei 2021, mji ulipoambiwa uhame kwa sababu ya volcan, sisi tulikimbilia Sake na magodoro. Yeye alitoka na daftari la wagonjwa anaowatembelea kila Jumatatu. Sake aliwakuta wote kumi na mmoja, isipokuwa bibi Annonciata wa Majengo aliyekataa kutoka nyumbani. Mama Léocadie alirudi kwa miguu, akampakia juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ya Achille, mtoto wa dada yake, na wakateremka naye barabara yote. Bibi alipiga kelele njia nzima: "Léocadie, utaniua mbele volcan iniue!" Bibi yupo hadi leo, na atakuja kwenye sherehe.

Sasa ile Jumamosi. Kwa wageni wetu nieleze: tangu jua linapozama Ijumaa hadi Jumamosi jioni sisi hatuwashi moto, wala hatumtumi asiye Muyahudi atuwashie. Kwa hiyo maharage hubandikwa Ijumaa juu ya babula kubwa, jiko letu la makaa, makaa yanafunikwa majivu, nayo yanaiva polepole mpaka Jumamosi mchana. Tunakula sisi na yeyote anayekuja. Ijumaa ile kazi ya kufunika makaa ilikuwa yangu. Nilimwaga majivu mengi mno, tena yenye unyevu, nikakimbilia ibadani bila kutazama nyuma.

Asubuhi moto ulikuwa umekufa. Uani walikuwa wamefika watu kama sitini, wengi wao wakimbizi wa vita kutoka Rutshuru. Mama mmoja wa Kalengera alikuwa na watoto wawili, na mdogo alikuwa analamba kidole alichopitisha ndani ya sufuria tupu ya jana. Wakubwa wote walikuwa ndani wanasali. Nikachukua kiberiti.

Mama Léocadie aliingia nikiwa bado ninapuliza. Hakupiga kelele. Aliniondolea kiberiti mkononi, akakitia mfukoni mwa aproni yake. "Toka hapa, enda ukae na benzako. Papa yako akijua, atakusumbua mpaka Pasaka." Ibada ilipokwisha, moshi ulikuwa umefika mlangoni. Papa yangu alisimama pale na shali yake ya sala mabegani.

"Nani amewasha moto?"

"Ni miye, Papa Ndayambaje. Maharage ilikuwa nguvu kama majiwe, na batu bana njaa."

Mimi nilikuwa nyuma ya Papa, hatua mbili.

Watu sitini walikula siku hiyo. Jumatatu yake kamati ilimwandikia Mama Léocadie barua, ikamnyang'anya ufunguo wa jiko. Kwa miezi saba amekuwa akisimama nje asubuhi, yeye, akisubiri Papa Cubaka aje kumfungulia. Na kwetu ni desturi kwamba anayestaafu anamkabidhi ufunguo anayemfuata, mbele ya watu wote. Kama mambo yatabaki yalivyo, Ijumaa ataondoka mikono mitupu, kama mtu aliyefukuzwa.

Naomba arudishiwe ufunguo kabla ya Ijumaa. Kama kuwasha moto ule kulikuwa kosa, kosa ni langu. Kama halikuwa kosa (Papa ndiye aliyetufundisha kwamba uhai wa mtu unaitangulia Sabato), basi barua ile haina mwenyewe na ichanwe.

Papa ndiye mwenyekiti wa kamati, na ndiye atakayepeleka ukurasa huu kuchapishwa. Tangu mchana, kila nikisikia viatu vyake naufunika kwa kitabu cha hesabu. Mara nne sasa. Lakini tangu niandike lile neno "nikachukua kiberiti", kifua kimenifunguka kama mtu aliyetua debe la maji.

Mama Léocadie, aksanti kwa sahani zote na majina yote. Aksanti kwa miezi saba uliyonibebea bila hata kunitazama vibaya. Usamehe kwamba nimechelewa. Huko Butembo upate usingizi mrefu, wajukuu wakubishie kidogo tu, na asubuhi ufungue mlango wako mwenyewe saa unayotaka.

Papa anakuja. Amekohoa kwenye korido, sasa amefika karibu na mlango. Kitabu cha hesabu kiko palepale pembeni, nami sikigusi.

Ingia, Papa. Usome yote.