Kesi ya Majani Machungu

Kijiwe chenyewe ni benchi moja lililoegemea ukuta wa duka la kutengeneza saa, na kila asubuhi wenyewe hufungua kesi kabla kahawa haijachemka. Wana utaratibu wao: ubishi ukikolea, anayeona mshtakiwa ana hatia anafunika kikombe chake, na vikombe vilivyofunikwa vikizidi, hukumu inatekelezwa papo hapo. Leo mshtakiwa alikuwa gugu lenye maua ya manjano, lililonawiri chini ya ukuta kwa kumwagiwa machicha ya kahawa. Fundi Saa alikaa pembeni akitingisha mguu. Jana jioni aliyachuma majani yake kwa siri, akaonja kidogo, akampikia mkewe, ambaye tangu apatwe na homa alikuwa hali chochote. Mkewe alimaliza bakuli zima. Asubuhi alimwacha amelala.

Kamanda, mlinzi mstaafu, alivunja jani moja. Utomvu mweupe ukamtiririka kidoleni.

— Mnaona? Mmea ukitoa maziwa, hautaki kuguswa.

— Mpapai nao unatoa maziwa, na papai unalila, alisema mwenye birika, muuza kahawa wao.

— Papai lina adabu zake. Hili limejiotea tu, halina kwao!

Gazeti, aliyepewa jina hilo kwa kujua hata habari ambazo hazijatokea, alikohoa.

— Hili nimelisoma. Mtu akila, usiku analala vizuri kabisa. Asubuhi ndiyo haamki.

Mguu wa Fundi Saa ulisimama.

— Umelisoma wapi?

— Kuna mahali.

— Mahali gani, bwana?

— Mbona jasho, Fundi? Umelila nini?

— Nile gugu mimi? Kwa njaa gani?

Aliinuka, akakaa. Mkewe alikuwa akihema? Hakuangalia, alinyata tu asimwamshe. Akitoka mbio sasa, watamcheka hadi azeeke. Aliogopa kweli, na bado akabaki palepale.

— Kuna kikosi kizima kilikwisha hivi hivi, alisema Kamanda.

— Kikosi kizima, wewe ukabaki?

— Siku hiyo nilikuwa nimefunga.

— Na mizizi yake inapita chini ya nyumba zote, aliongeza Gazeti. Ukuta huu umepasuka kwa nini, mnadhani?

— Na umeme kukatika?

— Si ndiyo hiyo hiyo mizizi!

Kamanda akafunika kikombe. Gazeti akafunika. Mwenye birika akagoma, akasema gugu halijamkosea kitu. Kilibaki kikombe cha Fundi Saa; akikiacha wazi, gugu limepona. Lakini anayelitetea ataulizwa amelijulia wapi. Akafunika.

Kamanda hakupoteza muda. Aliling'oa lote, akatimua udongo kutafuta mizizi, akalisokomeza kwenye makaa chini ya birika. Moshi ukawatoa machozi.

Fundi Saa alikuwa bado anafikicha macho aliposikia sauti anayoijua.

— Shikamooni.

Mkewe alikuwa amesimama mbele yao, shali mabegani, bakuli mkononi. Amekonda, lakini amesimama. Fundi Saa alitaka kumkumbatia mbele za watu.

— Marahaba, shemeji! Pole na homa.

— Nimeshapoa. Chakula kilikuwa kama karatasi mdomoni, hadi jana. Ule uchungu wa mboga ya mchunga ndio kitu cha kwanza ulimi wangu umekisikia. Mama alikuwa anatupikia tukiwa wadogo, sikujua kama huku upo.

— Mchunga? aliuliza Kamanda taratibu.

— Mume wangu anasema ameuchuma hapa kwenu. Nimeshindwa kumsubiri.

Gazeti akainamisha kichwa. Mwenye birika alilinyanyua birika, akachungulia makaani, akalirudisha.

— Uko wapi? mkewe aliuliza, akitazama udongo uliotimuliwa, kisha uso mmoja baada ya mwingine. Jamani, mbona hamsemi? Nina njaa.