Mahindi Tuliyoyaita ya Kuku

Ndugu zangu, Bwana asifiwe na wenye sauti kubwa, na asifiwe pia na sisi ambao sauti hukwama kooni! Naomba mnivumilie nisome kwenye karatasi. Bila karatasi nitakaa chini kabla ya kusema lolote, na mnanijua.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza darasa la saba, niko nyumbani na mama yangu hapa Nyeri. Kaka yangu alifanya kazi ya gereji kule Kenol na alikuja mwisho wa mwezi. Mke wake, Wanjiru, msichana wa Kianyaga, upande wa mashamba ya mpunga, alikuwa ameolewa mwaka huo. Tulikuwa na kuku ishirini na wawili, na mimi ndiye niliyewalisha.

Mvua ya mwezi wa nne ilipokaribia, mama aliniambia nizibe paa la ghala kwa kipande cha bati. Nikasema nitapanda kesho. Ndugu zangu, kesho hiyo haikufika! Maji yaliingia, na magunia mawili ya mahindi yaliyokuwa chini yakaota ukungu wa kijani. Kwetu tukichambua mahindi, mazuri ni ya watu, na mabaya tunasema ni ya kuku. Basi nikayaanika kwa siri nyuma ya ghala, nikayasugua kwa gunia mpaka yakang'aa. Wanjiru peke yake ndiye aliyeniona.

"Shemeji, hiyo usipatie kuku," akasema. "Kwetu tulipatia bata, wakaisha."

"Kwani kuku wa Kianyaga wanakula mchele?" nikamjibu. Alicheka, akarudi jikoni, nami nikawamwagia kuku.

Baada ya wiki chache kuku walianza kulegeza mabawa. Wakakataa chakula. Vilemba vyao vyekundu vya kichwani vikapauka. Mayai yakapungua, kisha yakakoma. Mama aliwapa maji ya pilipili, akafunga na kuomba, lakini waliendelea kufa. Mimi pia niliomba, tena kwa machozi. Niliomba kuku wapone na mimi nisijulikane.

Ndipo mama akaanza kusema kwamba kuku hawakuwa wakifa kabla ya Wanjiru kuja. Kwanza aliwaambia majirani, halafu akasema mbele yake. Ati kila anachogusa kinakauka. Kaka akija mwisho wa mwezi ataambiwa amrudishe kwao. Na Wanjiru alikuwa na mimba ya miezi mitano! Alinitazama mara moja tu, akainama akaendelea kumenya viazi. Hakunitaja. Ndugu zangu, afadhali angenitaja!

Siku kaka alipofika, daktari wa ng'ombe alikuwa kwa jirani akidunga ng'ombe sindano. Mama alimsihi aje aone kuku. Alisema kwa mzaha kwamba yeye ni wa ng'ombe, lakini ini analijua hata likiwa dogo. Akampasua jogoo aliyekufa asubuhi hiyo. Ini lilikuwa limevimba, rangi yake ya manjano, na alipoligusa lilimeguka.

Akauliza kuku wanakula nini. Mama akasema ni mahindi safi ya shambani.

"Mama, hii ni sumu ya mahindi yenye ukungu," akasema daktari. "Ni nani aliwaletea hayo?"

Mama alimgeukia Wanjiru. Kaka naye akamgeukia. Wanjiru alitazama chini, mikono yake juu ya tumbo. Hapo nikamwomba Mungu tena, lakini si kwa ajili ya kuku. Akanifungua mdomo!

"Ni mimi," nikasema. "Paa sikuziba. Mahindi yaliota ukungu nikayaanika. Na shemeji alinikataza."

Daktari alitueleza kwamba jua na kusugua huondoa ukungu, lakini sumu hubaki ndani ya punje, na kuku akishaugua hana dawa. Tulizika mahindi yote yaliyobaki pamoja na yule jogoo. Kuku sita walipona. Siku hiyohiyo nilipanda juu ya ghala.

Mama hakumwambia Wanjiru pole, wala mimi hakunifokea. Lakini msimu uliofuata, tulipokaa kuchambua mahindi, Wanjiru akiwa na mtoto mgongoni, mama alimsogezea ungo wenye punje za kijani.

"Wa Kianyaga, haya ni ya nani?"

"Ni ya shimo, mama."

Mama akanikabidhi jembe. Tangu siku hiyo, kwetu hakuna mahindi yanayoitwa ya kuku.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu, kwa sababu niliyekuwa nimeoza ni mimi, na nilijisugua mpaka watu wakaniona kijana mpole. Kama na wewe kuna jambo umelianika likang'aa, na mwingine anaumia kwa ajili yake, mtegemee Yesu leo. Usiogope kwamba huna maneno mengi. Mimi alinipa mawili tu ya kuanzia, nayo yalitosha: "Ni mimi."