Beki Aliyekatazwa Kukimbia

Padri, Mama Ernestine, ndugu, majirani, wafanyakazi wa kinu cha mpunga, na ninyi wanaume wa kwa kinyozi mliokaa safu ya nyuma kabisa kana kwamba hamkualikwa, sogeeni mbele, viti vipo. Hii ni historia ya Kendrell Jerome Malveaux, imeandikwa na mkewe Tyrielle kwenye meza ya jikoni, na anaisoma yeye mwenyewe kwa sababu kaka wa marehemu alijaribu jana akashindwa kupita mstari wa pili, kwa hiyo akisoma mbiombio mtamvumilia, akisimama hataweza kuendelea. Na kabla ya yote, mtoto aliyekaa pale mbele na tai ya baba yake ni Jules, miaka sita, tunamwita Juju, na wengi mmeshasikia kwamba ugonjwa uliomchukua baba yake huenda na yeye anao, hakuna anayejua, atapimwa Jumanne, basi mnaposikiliza habari za baba mjue ni habari za mtoto pia.

Marehemu alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1994 katika hospitali ya Opelousas, mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Jules Malveaux na Mama Ernestine, akabatizwa hapa hapa Saint-Clair mwezi uliofuata. Baba yake alifariki tarehe 19 Julai 2001 akiwa anakata nyasi za makaburi ya parokia, alikuwa na miaka thelathini na mitatu, hakuwahi kuugua hata mafua, watu wakasema ni jua, na kwa kuwa Julai ya hapa Louisiana tunaijua sote, hakuna aliyeuliza zaidi.

Alisoma shule ya msingi hapa Saint-Clair, kisha sekondari kuanzia Agosti 2008 hadi Mei 2012, na huko ndiko alikochukuliwa na mpira. Wageni wetu wa kutoka Houston wasiofuatilia mambo haya waelewe kwamba tunazungumzia mpira huu wetu wa kofia ngumu, unaorushwa kwa mkono, na kwamba beki wa pembeni ndiye anayeachwa peke yake pembezoni mwa uwanja na mpokeaji mwenye mbio kuliko wote, mpokeaji anajua anakokwenda na beki hajui, na beki anaanza kwa kukimbia kinyumenyume. Kocha alimweka Kendrell pale kwa sababu, kwa maneno yake, mtoto huyu akirudi nyuma ana kasi kuliko wenzake wakienda mbele. Akipitwa kila mtu anamwona, akikaba vizuri mpira haurushwi upande wake na hakuna anayemkumbuka, na Kendrell alipenda hivyo, kutokukumbukwa.

Ijumaa tarehe 2 Desemba 2011, nusu fainali ya jimbo, dakika ya mwisho, mpira mrefu ulipita juu ya kichwa chake, mpokeaji wao akaudaka na kuingia nao golini, na mji huu haukuwahi kutoka katika dakika ile. Miaka kumi na mitatu kila Jumamosi kwa kinyozi, Mzee Alcide akinyoa, mjadala ni huo huo. Dontrez Guillory, rafiki yake wa kufa na kuzikana, mpokeaji wetu wa mwaka ule, ndiye aliyekuwa akiuwasha: "Kaka, yule mrefu alikupita kama umeegesha gari! Mkono mmoja kifuani pale mstarini mchezo unapoanzia, mmoja tu, angepoteza hatua, leo tungekuwa na kombe. Beki gani anampa mtu nafasi yote ile?" Na Mzee Alcide anazima mashine, mteja kabaki na nusu kichwa, anasema, "Acheni ujinga, siku ile walikaba eneo, hawakukaba mtu kwa mtu. Kipande chake kilikuwa cha mbele, nyuma kulikuwa na mwingine na huyo mwingine hakutokea. Ninyi mnamlaumu aliyeonekana kwenye picha." Hapo wote wanapiga kelele, "Basi mtaje, mzee! Mtaje huyo mwingine!" na wanamgeukia Kendrell, na Kendrell anatabasamu, anajibu jibu lake lile lile, "Tulikuwa kumi na mmoja uwanjani," na hakuwahi kutaja jina, si kwa kinyozi wala nyumbani, amekwenda nalo.

Alianza kazi kwenye kinu cha mpunga Juni 2012, akipakia magunia, na mwaka 2016 akapewa mashine ya kunyanyulia mizigo, aliiendesha taratibu hadi wenzake wakawa wanamtania kwamba anaitembeza kama bibi yake. Alifunga ndoa na Tyrielle Jumamosi tarehe 21 Oktoba 2017 katika kanisa hili, bibi harusi amemaliza sekondari miezi mitano tu nyuma, hajui kupika hata wali, na bwana harusi alimfundisha wali, na Jumapili mbele ya televisheni akamfundisha na ukabaji. Alikuwa anasimamisha picha, anauliza, "Tyri, nani kakosea hapa?" na mkewe anamtaja aliye karibu na mpokeaji, na yeye anacheka, "Na wewe umekuwa wa kwa kinyozi. Usitazame macho ya mpokeaji, macho yanadanganya, mabega yanadanganya, tazama kiuno, kiuno kinakwenda mtu anakokwenda." Walijaliwa watoto wawili, Jules, aliyezaliwa tarehe 6 Agosti 2018, na Odette, tarehe 30 Juni mwaka huu, ndiye huyo mnayemsikia.

Maradhi yalijitokeza Jumanne tarehe 17 Septemba, alipoanguka kazini bila kugusa kitu chochote kizito, wenzake wakamkimbiza Lafayette, na huko Daktari Whitlow alieleza kwamba nyama ya moyo wake ni nene kuliko inavyotakiwa, kwamba ni kitu cha kurithi, kwamba baba yake hakuuawa na jua, kwamba watoto nao watazamwe, na kwamba yeye asikimbie, asinyanyue mizigo, asishindane na mtu, mpaka awekewe kifaa cha kuulinda moyo Jumanne tarehe 10 Desemba. Asishindane na mtu, daktari alirudia mara mbili akimtazama mkewe.

Na Kendrell hakuficha, hili lisemwe mbele ya wote. Jumamosi tarehe 23 Novemba, kwa kinyozi, walipomwambia Alhamisi ya Shukrani tunacheza kama kila mwaka na wewe utacheza, aliwaambia, "Mwaka huu siwezi, daktari amenikataza, ni moyo." Na kicheko kilichotoka pale kilifika hadi nje kwenye gari alikokuwa mkewe na watoto, mtu akasema, "Kila beki aliyepitwa ana cheti cha daktari!" na mwingine, "Moyo! Ulianza kumsumbua mwaka elfu mbili na kumi na moja!" na Dontrez akapangusa machozi ya kucheka, "Kaka, sema tu unaniogopa, nina kitambi na bado unaniogopa." Hawakuwa na ubaya. Kwa miaka yote hiyo kila neno lililosemwa ndani ya chumba kile lilikuwa sehemu ya mabishano, na hili nalo wakalisikia hivyo hivyo, wakalijibu kwa hoja.

Alhamisi tarehe 28 Novemba asubuhi alikwenda uwanja wa shule ya zamani na familia yake, alikwenda kupuliza filimbi tu, akina mama wamepanga masufuria ya mchuzi wa gumbo kwenye meza, timu itakayofungwa ndiyo itakayoosha vyombo kama desturi. Walicheza vizuri mpaka yakazuka tena yale yale, mtu alipitwa, huyu anasema angemkaba mstarini, yule anasema angempa nafasi, na Dontrez akaja na mpira mkononi hadi kwa mwenye filimbi, "Haya, profesa, maneno tumeyachoka, tuonyeshe. Mpira mmoja. Nikikupita, ukiri mbele ya mama yako kwamba kosa lilikuwa lako." Mkewe aliyasikia, alikuwa anamnyonyesha Odette, alisema kwa sauti, "Kendrell, usithubutu," na wanaume wakaguna, "Oooh, shemeji kamfungia!" na Kendrell akamtazama, uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka, aliyechoka kweli, akasema, "Mmoja tu, Tyri, waninyamazie," akavua filimbi shingoni akamvisha Juju, akamwambia apulize mpira ukianguka chini.

Ukabaji ule mliuona. Alimgusa Dontrez kifuani kwa mkono mmoja pale mstarini, akarudi kinyumenyume ameinama, mgongo umenyooka, Dontrez akatikisa kichwa kulia akatikisa mabega kulia na Kendrell hakudanganyika, akageuza nyonga naye kwa wakati mmoja, wakakimbia sambamba mpaka kule mwisho, na mpira uliposhuka mkono wake ulipita katikati ya mikono ya mwenzake ukaupiga chini. Juju akapuliza filimbi. Kendrell akapiga hatua mbili za kutembea, akapiga magoti, akalala kifudifudi, na uwanja mzima ulipasuka kwa kicheko, "Anamcheka Dontrez! Amka bwana, tumekubali!" na Dontrez akamsimamia huku amemnyooshea mkono ili amwinue, akabaki amenyoosha ule mkono. Mkewe alikuwa amekwisha kuanza kukimbia. Madaktari wa Lafayette walitangaza kifo chake saa sita na robo mchana siku hiyo, akiwa na umri wa miaka thelathini.

Hapo ndipo historia huwa inaishia, ila mkewe ameomba kuongeza jambo moja na Padri amekubali. Jumapili iliyopita mlikuja nyumbani na vyakula, Mungu awabariki, mkajaa sebule, na kwa kuwa hamkujua mseme nini mkasema mnachokijua. "Mliona alivyogeuza nyonga?" "Hakuna beki jimbo hili angeukaba ule." "Angemwachia nafasi angepitwa, ule mkono wa kwanza ndio uliommaliza Dontrez." "Nilisema mimi! Tangu siku zote nilisema!" Na sauti zikapanda kama mko kwa kinyozi, na Mama Ernestine amekaa katikati yenu. Kisha mmoja wenu, jina lake halitatajwa, hapo nako tulikuwa kumi na mmoja, akamwita Juju, akamshika kiuno, "Inama, dogo, hivyo, mgongo ulale sawa, wewe ni damu yake, wewe utavaa jezi yake," na mtoto akaanza kwenda kinyumenyume kwenye korido, kwa kasi, anacheka, mara ya kwanza kucheka tangu Alhamisi, na ninyi mkampigia makofi, na mama yake akatoka jikoni akapiga ukelele ambao majirani wa mtaa wa pili waliusikia. Wengine mliondoka mkisema amechanganyikiwa, labda ni kweli.

Anaogopa. Hana neno zuri zaidi la kanisani, anaogopa, mtoto huyu anakimbia kwenda chooni, anakimbia kurudi, anapanda ngazi mbilimbili, na kila mshindo wa miguu yake mama anahesabu kama utafuatiwa na mwingine. Shuleni ameomba asitolewe nje kucheza, wakasema bila karatasi ya daktari hawawezi kumzuia mtoto, akimzuia yeye mtoto analia, "Baba aliruhusiwa." Ana miaka ishirini na mitano na watoto wawili na hajui mengine yote atayafanyaje, lakini hayo mengine yatasubiri. Hili haliwezi. Anawaomba wanaume wa Saint-Clair kitu ambacho mume wake hakukipata kwenu, kwamba mtoto huyu akisema hawezi, mumwamini, msicheke, msimjibu kwa hoja. Na kama yeye mwenyewe hatasema, kwa sababu ni mtoto wa Kendrell na kuna siku atachoka kuchekwa, basi mumkataze ninyi. Bishaneni naye mpaka mzeeke, mwekeni kwenye kiti cha Mzee Alcide mumfundishe kutazama kiuno, ila asiwepo mtu wa kumwambia inuka utuonyeshe. Na Dontrez, tumekuona mlangoni tangu asubuhi, jeneza lina vishikio sita na cha kwanza kulia ni chako, Kendrell hakuwahi kukutaja kwa ubaya na nyumba yake haitaanza leo.

Familia inamshukuru Daktari Whitlow na wauguzi wake, ambao wameiacha nafasi ya marehemu ya Jumanne tarehe 10 kwa ajili ya mwanawe, saa mbili na nusu asubuhi, inawashukuru majirani, hasa Bi Leontine aliyekaa na Odette siku zote hizi, wenzake wa kinu cha mpunga waliosimamisha mashine leo, Mzee Alcide aliyemnyoa marehemu kwa mara ya mwisho na hakuongea, na wote mliopika, mliolia na mliochimba.

Kendrell, pumzika kwa amani, lakini uanze Jumatano, Jumanne bado tunakuhitaji.