Barua ya Mwalimu Mutiso kwa Mfalme

Jumanne tarehe 14 Machi 1939 Nunguni ilikuwa na ukungu mzito na manyunyu tangu alfajiri. Saa mbili asubuhi Mwalimu Mutiso wa Nzioka aliaga dunia nyumbani kwake, mkewe Kalunde akiwa amemshika mkono.

Alizaliwa hapa Nunguni mwaka 1903, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Nzioka na Mama Kasyoka. Alichunga ng'ombe wa mama yake hadi mwaka 1916, alipopelekwa shule ya wamisionari Waskoti huko Kikuyu. Mwalimu wao, Bwana Makrei, aliwafundisha wafalme wa Skotlandi mmoja baada ya mwingine. Mutiso aliwakariri wote, wenzake wakamtania kwamba siku moja atadai urithi. Aliyemwita Bwana Makrei Mwingereza alisahihishwa palepale. "Mfalme ni mmoja," alikuwa akisema, "nchi ni mbili."

Siku moja aliwaeleza jinsi babu yake huko Skotlandi alivyofukuzwa shambani ili mwenye ardhi afuge kondoo. Mutiso aliuliza Mfalme alisema nini. Bwana Makrei alijibu kwamba huenda hakujua.

"Kwani hakuna aliyemwandikia, Bwana?"

Bwana Makrei alifuta ubao.

Mutiso alianza kufundisha Nunguni mwaka 1924. Jumamosi tarehe 6 Agosti 1927 alimwoa Kalunde binti Muthama, wa Nuu, Kitui. Alikuwa amekwenda Nuu kwa miguu mara tatu kumposa. Mara ya tatu Mzee Muthama aliwaambia watu wake kwamba huyu hata akikataliwa atarudi tu, afadhali apewe kiti.

Mwaka 1938 serikali iliamuru ng'ombe wa Ukambani wapunguzwe. Mama Kasyoka alikuwa nao tisa. Wanane walichukuliwa wakauzwe. Mutiso aliandika barua ya kurasa nne kwa Mfalme, akiomba ng'ombe wa Nunguni warudishwe, akaizungusha mlima kwa mlima. Watu mia moja na kumi na wawili waliweka alama ya kidole gumba. Jina lake alikusudia kulitia la mwisho.

Jumatatu tarehe 25 Julai msimamizi wa shule alimwita. "Mwalimu, jina lako likiwa hapo, darasa si lako tena."

Mutiso alimwuliza kama ana wino, kwa kuwa wake ulikuwa umekwisha. Akatia sahihi mbele yake, na jioni hiyo akakabidhi funguo za shule.

Kikohozi kilimwanza Novemba, kikawa kichomi. Hata alipokuwa hawezi kuketi, alimtuma Kalunde posta kila juma. Jibu halijafika.

Ameacha mama yake, Kasyoka. Mjane wake, Kalunde. Watoto Nthenya, Kilonzo na Kalondu. Na ndugu yake Kisilu, ambaye ameahidi mbele ya jamaa kuendelea kuuliza posta. Tunamwombea pumziko jema kwa Bwana.

Kalunde ameomba tumalizie na siku moja tu. Ni ile iliyofuata kukabidhiwa kwa funguo. Wengi walidhani Mwalimu angekaa ndani kwa aibu. Asubuhi hiyo alifagia zizi la mama yake, akawaketisha watoto ishirini na wanne kando ya ng'ombe mmoja aliyebaki, akawafundisha kuandika barua.