Bibi Atuganile na Mchanga wa Mwaya

Alhamisi, tarehe 10 Agosti 1911, saa moja na nusu asubuhi, mtumbwi uliopakia vyungu ishirini na vitatu ulifika mbele ya mchanga wa Mwaya ukakuta nafasi yake imeshikwa, na msichana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa akipiga kafi nyuma ya mtumbwi huo ndiye mama, bibi na jirani yetu tunayemzika leo. Wachungaji, wazee wa kanisa, na ninyi nyote mliotoka Ikombe, Matema, Bujonde na Bondeni, marehemu aliacha maagizo mawili kuhusu historia hii, kwamba ianzie pwani ile na iishie pwani ileile, wala ugonjwa usipewe neno la mwisho, nasi wanafamilia tumetii.

Atuganile binti Angetile alizaliwa Ikombe mwaka 1892. Tarehe haikuandikwa, ila daftari la ubatizo la misheni linaonyesha kuwa alibatizwa Jumapili, tarehe 6 Januari 1901, "umri miaka minane au tisa", nasi tumechukua minane. Baba yake, mvuvi, alifia ziwani kabla mtoto hajaota meno, na mama yake Angetile, mfinyanzi aliyejulikana hadi Ngonga, alimlea peke yake kwa udongo na moto. Alisoma shule ya misheni hapo Ikombe kuanzia mwaka 1901 hadi 1904, akajua kusoma na kuandika, kisha akarudi kwenye ufinyanzi, akajifunza kuukanda udongo, kuusugua kwa kokoto hadi ung'ae, na kukipima chungu kilichoiva kwa kukigonga kwa kidole na kusikiliza mlio wake.

Mwaka 1907 alianza kupiga kafi na mama yake kwenda gulio la Mwaya, wakilala njiani Matema kwa ndugu, na huko Mwaya wakibadilisha vyungu kwa mpunga na ndizi za wakulima. Walio wadogo hapa wanaona magati na nguzo za saruji, hivyo inabidi kueleza kwamba wakati ule wa Mjerumani pwani ya Mwaya haikuwa na ukuta wala kamba, ilikuwa na adabu. Kila nafasi ya kuegesha ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe aliacha pale kafi kuukuu kama alama: kafi likisimama mchangani, nafasi imeshikwa hata kama mtumbwi uko mbali, na kafi likilazwa, mwenyewe hatakuja gulio linalofuata, anayetaka aegeshe. Nafasi ya Angetile ilikuwa kwenye mchanga laini, upana wa hatua nane, karibu na njia ya gulioni, ambapo mitumbwi miwili mingine ya Ikombe nayo ilipokezana kuteremsha vyungu. Mahali pengine palipobaki wazi palikuwa mawe ya mdomo wa mto, na mtumbwi wenye vyungu ukiburutwa juu ya mawe, kinachofika gulioni ni vigae.

Tarehe 27 Julai 1911, Angetile alishikwa na homa katikati ya gulio, binti yake akampakia mtumbwini, na pamoja na haraka yote ile akakumbuka adabu, akarudi mbio kulilaza kafi kwa kuwa alijua gulio la tarehe 3 Agosti hawataweza kuja. Kosa lake, ambalo yeye mwenyewe alilitaja kila aliposimulia, ni kwamba hakumwacha mtu wa kulisimamisha tena gulio hilo likiisha.

Aliyeegesha tarehe 3 Agosti alikuwa Nsajigwa, mwenye mitumbwi minne ya kubeba mizigo kati ya meli na nchi kavu, mtu mzima mwenye sauti na watu, ambaye tayari alikuwa na nafasi yake pana chini ya mkuyu. Gulio lilipokwisha hakuondoka. Alisimamisha kafi lake, na Atuganile aliporudi wiki iliyofuata alimkuta ameketi juu ya mtumbwi wake akitafuna muwa.

"Tata Nsajigwa, nimerudi," alisema Atuganile kutoka majini, akimwita baba kama ilivyopasa. "Nipishe niteremshe."

"Umerudi wapi, binti wa vyungu? Nilikuta kafi limelala fofofo, nami si mtu wa kumwamsha aliyelala."

Vijana wake wakacheka. Atuganile akasema kafi lile lililala kwa gulio moja tu, mama alikuwa mgonjwa, kila mtu alijua.

"Basi mpe pole," alisema Nsajigwa. "Na wewe nenda kule kwenye mawe. Mamba wa mtoni hawana kelele, watakupokea vizuri kuliko mimi."

Alikwenda kwenye mawe, na katika vyungu ishirini na vitatu vilipona kumi na vinne. Jioni ile alisikia lililo baya zaidi. Boma lilikuwa limetangaza kwamba mwisho wa Septemba kila nafasi ya pwani itapigiwa kigingi na jina la mwenyewe litaandikwa, na baada ya hapo hakuna kubadilisha. Maana yake ilikuwa moja: kigingi cha mchanga laini kikipigwa kwa jina la Nsajigwa, mitumbwi ya vyungu ya Ikombe itaegesha kwenye mawe maisha yote, na kazi ya Angetile na wanawake wenzake imekwisha.

Waliomjua uzeeni, alivyokuwa akimsimamisha hata diwani barabarani, watashangaa kusikia kwamba katika wiki zile sita aliogopa sana. Mara tatu alimwambia mama yake kwamba afadhali wauze vyungu Matema na kusahau Mwaya. Angetile, akiwa bado kitandani, alimjibu, "Ukiogopa, ogopa huku unatembea." Akatembea. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza jambo moja tu, nani amewahi kulaza kafi Mwaya, lini, na nani aliegesha badala yake, na kila jibu alilifunga moyoni bila kumwambia mtu analitakia nini. Nyumba ya mwisho ilikuwa Bujonde, kwa Lazaro, shemeji yake Nsajigwa, mtu mcheshi na mvivu wa maneno makubwa, aliyemsikiliza hadi mwisho, kisha akacheka peke yake hadi akakohoa.

Shauri lilisikilizwa palepale pwani siku ya Alhamisi, tarehe 21 Septemba 1911, saa tatu asubuhi, mbele ya Jumbe Ambilikile na karani wa boma aliyekuja na daftari na vigingi vyake, na kwa kuwa ilikuwa siku ya gulio, watu walijaa hadi majini. Nsajigwa alisema kwanza, akasema vizuri, kwamba desturi ni ya mababu, kafi likilala mwenyewe ameachia, na yeye hakumnyang'anya mtu. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Jumbe akamtazama Atuganile. Akapiga hatua moja mbele.

"Nakubali nililaza kafi. Naomba kuuliza neno moja tu. Kafi likilala, nafasi inatoka kwa siku moja au daima?"

"Daima," alisema Nsajigwa. "Aliyelaza amelaza."

"Rudia, Tata, wa nyuma hawajasikia."

"Daima!"

"Na hawa wa Ngonga kule majini?"

"Daima, daima, daima!" Nsajigwa alinguruma akiwa ameshika kiuno, akifurahia umati. "Andika, karani!"

Hapo Lazaro akatoka katikati ya watu, akavuka mchanga hadi chini ya mkuyu, akapanda juu ya mtumbwi mkubwa kuliko yote minne ya Nsajigwa, akakaa, akanyoosha miguu.

"Shemeji, shuka," alisema Nsajigwa.

"Nishuke niende wapi? Niko kwangu. Mwaka juzi ulipokwenda msibani Rungwe ulilaza kafi hapa chini ya mkuyu, nami nikaegesha. Miaka miwili nilikuwa sijui kama umenipa daima. Ndaga fijo, asante sana, shemeji, umenishukia kama mvua! Ila hii mitumbwi yako minne naomba iondoke kabla ya adhuhuri, inanibana."

Kicheko kilianzia kwa wanawake wa vyungu, kikafika kwa wauza ndizi, na mama mmoja wa Ngonga aliketi chini kabisa akijishika mbavu. Kisha, kama Atuganile alivyotarajia, wengine wakaanza. Mvuvi mmoja akakumbuka kwamba jirani yake alilaza kafi wakati wa tohara ya mwanawe, akahamia kwa jirani, naye jirani akakumbuka lake akahamia kwa mwingine, na kwa muda mfupi pwani nzima ilikuwa ikihama, huku wazee waliotikisa vichwa wakikimbilia kusimama kwenye nafasi zao wenyewe kuzilinda. Karani akafunga daftari. Jumbe Ambilikile akapiga fimbo yake kwenye ubao wa mtumbwi mpaka wakanyamaza.

"Nsajigwa, nakuuliza mara moja tu. Siku moja au daima?"

Nsajigwa alimtazama shemeji yake juu ya mtumbwi, akautazama mkuyu wake, akakitazama kigingi mkononi mwa karani.

"Siku moja," alisema.

"Rudia," alisema Jumbe, "wa nyuma hawajasikia."

Kigingi kilipigwa saa tano kasoro dakika chache, kwa jina la Angetile na bintiye Atuganile na wafinyanzi wa Ikombe, na vigelegele vilivyopigwa siku ile, kwa ushahidi wa wazee wawili walio hai, vilisikika hadi gulioni.

Marehemu alifunga ndoa na Sadoki, mkulima wa Ngonga, Jumamosi, tarehe 8 Juni 1912. Sadoki alikuwa mmoja wa waliosimama majini siku ya shauri, na posa yake ilikubaliwa kwa sharti lililotajwa mbele ya pande zote mbili, kwamba mke hatauacha mtumbwi wake. Mwaka 1915 Sadoki alichukuliwa kubeba mizigo ya vita, na kwa miezi kumi na minne, hadi aliporudi mwishoni mwa Juni 1916 akiwa amekonda lakini mzima, ni vyungu vilivyoteremshwa kwenye mchanga ule vilivyolisha nyumba ile, pamoja na nyumba nyingine tatu za wanawake ambao waume zao hawakurudi. Mungu aliwajalia watoto wanne, Ezekia, Anyisile, Marita na Lutengano, ambao wawili wametangulia, wajukuu kumi na saba na vitukuu ishirini na mmoja. Sadoki alifariki mwaka 1949.

Marehemu alianza kusumbuliwa na miguu mwaka 1970. Tarehe 29 Agosti mwaka huu wa 1972 alipata kichomi, akapelekwa hospitali ya Matema, akatibiwa kwa wiki mbili, na akafariki dunia Jumanne, tarehe 12 Septemba 1972, saa kumi alfajiri, akiwa na umri wa miaka themanini. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliokesha naye, majirani wa Ngonga waliotandika mikeka na kupika tangu juzi, wafinyanzi wenzake waliofika kwa mitumbwi na kwa miguu, wanakwaya, na wajukuu wa Nsajigwa, waliochimba kaburi bila kuombwa. Bibi, tumeyatimiza maagizo yako kwa kadiri tulivyoweza. Tulia sasa katika amani ya Bwana wako.

Imebaki asubuhi ya Ijumaa, tarehe 22 Septemba 1911. Haikuwa siku ya gulio na hakuwa na mnunuzi hata mmoja, lakini marehemu alisema hukumu isiyokanyagwa huota nyasi, hivyo alitoka Matema gizani na vyungu vyote alivyokuwa ameviacha huko, kumi na vinane, akafika Mwaya saa mbili asubuhi. Pwani ilikuwa na mtu mmoja tu, Nsajigwa, akingojea meli. Desturi ilikuwa kwamba mtumbwi wenye mzigo ukiita, aliye karibu anaingia majini kuushika, awe rafiki au adui, na Atuganile alijua kwamba akiteremka kimya hakuna atakayemlaumu. Aliita, kwa sauti, mara moja. Nsajigwa alikaa kwa muda ambao marehemu alisema ulitosha kusali Baba Yetu yote, kisha akaikunja nguo yake, akaingia maji ya magoti, akaushika mtumbwi kwa mikono miwili na kuuvuta taratibu juu ya mchanga.

"Ndaga, Tata," alisema Atuganile.

Aliteremsha vyungu kimoja kimoja, akavipanga, akavigonga kwa kidole, vyote kumi na vinane vikalia vizima. Alisimamisha kafi lake kuukuu kando ya kigingi, akaketi mchangani, akafungua jani lenye ndizi mbili za kuchoma alizofungiwa Matema, moja akaanza kuila, ya pili akamrushia Nsajigwa, naye akaidaka.